Mkoko wetu wa kwanza na taa isiyowaka

Gari letu la kwanza tulilinunua mwaka 2021, na nitakuwa mwongo nikisema siku ya harusi ilinifurahisha kuliko siku ile. Harusi ilikuwa na kamati, michango, mashangazi na ugomvi wa sare. Gari lilikuwa letu wawili tu. Miaka mitatu ya kikoba upande wangu, na upande wa mume wangu kazi za jioni za kuwaandikia wenye maduka mahesabu yao, mpaka siku tulipoingia yadi moja hapa Dar es Salaam na kutoka na ufunguo. Mkoko wa mwaka 2006, rangi ya fedha, namba D, viti havijachanika, kiyoyozi kinapuliza mpaka unatafuta kanga ya kujifunika. Ukiwasha, dada mmoja anakusalimia kwa Kijapani kutoka ndani ya dashibodi. Tulikuwa tunamjibu, "Poa dada, za Tokyo?" Basi tunacheka kama vichaa. Mapenzi na gari jipya, si unajua tena.

Naliita jipya, lakini lilikuwa limeshatumika mjini. Muuzaji alituambia lilikuwa la "mama mmoja wa ofisini, analitumia kwenda kazini na kanisani tu." Hao akina mama wa ofisini jamani! Ukiwasikiliza wauza magari, katika mji huu hakuna gari lililowahi kuendeshwa na kijana.

Mume wangu alilikagua kiume. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akazunguka huku anagonga matairi kwa kiatu. Mimi nilikagua redio na kioo cha kujipodolea. Halafu muuzaji akawasha, akatuonyesha dashibodi kwa kidole: "Mnaona wenyewe, hakuna taa hata moja inayowaka. Gari safi." Tukaangalia. Kweli, hakuna taa. Tukalipa.

Maneno hayo ya "hakuna taa hata moja inayowaka" ndiyo yaliyonifanya nikae niandike haya.

Binti yetu alizaliwa Oktoba mwaka huo huo. Kuanzia hapo maisha yetu yote yakahamia kwenye gari: kliniki, kazini, kwa mama mkwe, ufukweni Jumapili. Na mtoto alikuwa anakaa wapi? Mbele, nimempakata. Naomba usinihukumu haraka, msomaji wangu, maana najua na wewe unampakata wako, au umemwona shemeji yako akifanya hivyo ukanyamaza. Mimi nilijiona mama makini. Mkanda wangu nilifunga kila siku. Mtoto alikuwa mbele ya mkanda, kifuani kwangu, na mikono yangu miwili imemzunguka. Nani angemshika vizuri kuliko mama yake?

Desemba 2022, Jumapili jioni, tulikuwa tunarudi kutoka Bagamoyo kumsalimia shangazi wa mume wangu. Binti alikuwa na miezi 14, amelala, ameniloanisha blauzi kwa jasho. Manyunyu yalikuwa yameanza. Tulipofika karibu na Bunju, lori la mchanga lililokuwa mbele yetu likasimama. Halikuwa na taa ya breki hata moja. Mume wangu alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena, na hapo ndipo tulipoliingia kwa nyuma.

Hatukuwa na kasi kubwa. Mpaka tunagonga nadhani ilikuwa imebaki kama kilometa 25 au 30 kwa saa. Mkanda ulinibana mimi nikabaki kwenye kiti. Mtoto hakubaki. Sikumwachia kwa kutaka. Mikono ilifunguka tu, kama mtu amenipokonya. Niliusikia uso wake ukigonga dashibodi kabla sijasikia kelele ya bati.

Alishonwa nyuzi tatu mdomoni. Meno mawili ya mbele ya juu yakang'oka. Alikesha akiangaliwa kichwa, na asubuhi daktari akasema mnaweza kwenda. Ndiyo hivyo tu, Alhamdulillah. Ila kwenye korido ya hospitali, saa tano usiku, mume wangu aliniuliza swali moja: "Ulikuwa umemshikaje?"

Wanawake wenzangu mnajua swali la namna hiyo linaingia wapi. Sikumjibu. Nilisema nitamjibu nyumbani, na nyumbani nilimjibu kwa wiki mbili bila kufungua mdomo. Chai nilipika, nguo nilipiga pasi, maneno hakuna. Naye akawa na donge lake, maana ndani yangu nilikuwa nimeshaamua kwamba kosa ni lake, aliyeendesha, aliyekanyaga breki mara mbili kama anapiga pampu ya baiskeli, na aliyenunua gari ambalo eabegi zake, ile mifuko ya hewa, hazikufyatuka. Herufi SRS zilikuwepo kwenye usukani. Zilikuwepo hata juu ya sanduku la dashibodi upande wangu. Mifuko iko wapi?

Gari lilipelekwa gereji, na Jumamosi moja tukaitwa wote wawili. Bima yetu ilikuwa ile ndogo, kwa hiyo kila bolti ilikuwa inatoka mfukoni kwetu. Fundi, mzee wa makamo mwenye maneno machache, alikuwa ameshaufungua usukani. Akaniita: "Dada, njoo uangalie." Nikaangalia. Palipotakiwa kuwa na mfuko uliokunjwa palikuwa na uwazi, waya mbili zimefungwa fundo, na mfuniko wa plastiki wenye SRS yake juu. Upande wa abiria hivyo hivyo, mfuniko mtupu. Gari lilishawahi kugonga kabla yetu, mifuko ikafyatuka, na aliyelitengeneza akarudishia sura tu. Kisha akatuonyesha nyuma ya paneli ya mishale. Juu ya kile kitaa chekundu chenye picha ya mtu na mpira mbele yake, palikuwa na kipande cha utepe mweusi, ule wa mafundi umeme, kimebandikwa vizuri kabisa.

Hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu wa yadi, trafiki wala shule ya udereva. Ukiingiza ufunguo na kuuzungusha mpaka taa za dashibodi ziwake, kabla hujawasha injini, ile taa ya eabegi LAZIMA iwake. Inakaa sekunde chache, kwenye magari mengi kama sita hivi, kisha inazimika yenyewe. Hizo sekunde kompyuta inajikagua: waya, vihisi vya mgongano, mikanda. Ikigoma kuzimika, mfumo una hitilafu na huenda mifuko isifunguke. Na isipowaka kabisa? Basi huenda mtu ameiziba au ameichomoa. Wengine wanaiunganisha na taa nyingine, ya oili kwa mfano, ili ziwake na kuzimika pamoja. Kwa hiyo ile dashibodi safi tuliyosifiwa yadi, isiyo na taa hata moja, sisi tulipaswa kuikimbia.

Nilimgeukia mume wangu. Wiki mbili nzima nilikuwa nimeandaa hotuba, na sasa nilikuwa na ushahidi mezani. Nikasema mbele ya fundi, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi: "Umeona gari ulilotununulia?" Akainamisha kichwa.

Fundi akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Mtoto alikuwa amekaa wapi?"

"Mbele. Nimempakata."

Alinyamaza kidogo, akafuta mikono na kitambaa. "Basi huyo mwizi aliyetoa mfuko, mshukuruni."

Sikumwelewa. Akanieleza, na baadaye nilisoma mwenyewe nikakuta alikuwa mpole sana katika maelezo yake. Eabegi si mto. Ndani yake kuna baruti kidogo inayolipuka na kuujaza mfuko gesi kwa muda wa kama sehemu 30 za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Kufumba na kufumbua ni polepole mno ukilinganisha na hiyo. Mfuko unatoka kwa kasi inayoweza kufika kilometa 300 kwa saa. Umepimwa kwa mtu mzima aliyefunga mkanda na kuegemea kiti, kifua chake kikiwa angalau sentimeta 25 kutoka kwenye usukani. Ukiwa mbali hivyo unakuta mfuko umeshajaa na umeanza kupumua. Ukiwa karibu unakuta mlipuko. Marekani, kati ya mwaka 1990 na 2008, zaidi ya watu 290 waliuawa na eabegi zenyewe katika ajali za mwendo mdogo, ajali ambazo zingewaachia michubuko tu. Wengi walikuwa watoto waliokaa mbele, au watu wazima ambao hawakufunga mkanda.

Binti yangu alikuwa katikati ya kifua changu na ule mfuko. Kama gari letu lingekuwa zima, kama lilivyotoka kiwandani, nisingekuwa naandika habari za meno mawili.

Tulirudi nyumbani kwa bajaji hatusemezani, lakini ule haukuwa ukimya wa kununiana. Usiku nilimwambia, "Nilimshika vibaya." Naye akasema, "Mimi niliachia breki." Kumbe na yeye alikuwa na lake. Alipokanyaga, pedali ilitetemeka na kumsukuma mguu, akadhani breki zinakatika, akaachia ili akanyage upya, kama alivyofundishwa na mjomba wake kwenye pikapu ya miaka ya 80. Mtetemo ule ndio ABS. Teknolojia yenyewe si ngeni, iliingia kwenye magari ya kawaida mwaka 1978, na kazi yake ni kukanyaga na kuachia mara nyingi kwa sekunde kwa niaba yako ili matairi yasijifunge na usukani uendelee kukutii. Wewe kazi yako ni moja: kandamiza mpaka mwisho na usiachie, hata pedali ikicheza mdundiko. Nusu ya madereva ninaowajua hawajawahi kuusikia mtetemo huo mpaka siku ya ajali, na siku ya ajali wanauogopa. Jumapili iliyofuata baada ya gari kutengemaa tulikwenda kwenye uwanja mtupu tukafanya zoezi, yeye kisha mimi, kilometa 40, breki mpaka chini. Majirani walidhani tumegombana tena.

Kuhusu mikono ya mama, nilipiga hesabu. Mtoto wa kilo 10, gari likisimama ghafla kutoka kilometa 40 kwa saa, kwa ule muda mfupi anavuta mbele kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100. Mimi mfuko wa sembe wa kilo 25 naomba msaada. Na wale wanaomzungushia mtoto mkanda huo huo wa mama ndio wanaharibu kabisa, kwa sababu mwili wa mama unageuka nyundo na mkanda unageuka chuma cha kufulia.

Sasa ikaja kazi ya kurudisha mifuko. Fundi alituambia zinapatikana za mtumba kule wanakokata magari, bei ya kuelewana. Nilikuwa tayari kulipa. Aliyenizuia ni mume wangu, kwa safari hii yeye ndiye aliyekuwa amekesha anasoma. Kulikuwa na kampuni ya Kijapani, Takata, iliyotengeneza eabegi za magari ya kampuni nyingi, Honda, Toyota, Nissan, BMW, orodha ndefu. Kifyatulio chao kilitumia amonia naitreti, ambayo ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, na siku ikilipuka inalipuka kupita kiasi na kupasua kikopo cha chuma. Vipande vinamrukia dereva shingoni na usoni. Marekani peke yake vifyatulio karibu milioni 67 viliitwa virudishwe, na mwaka 2017 kampuni ikafilisika. Na walipoanza kuyaita magari kwa maeneo, walianzia Florida, Hawaii na Puerto Rico. Kwa nini huko? Joto na unyevu. Nikamwangalia mume wangu, nikaangalia dirisha, jasho linanitiririka saa nne usiku. Dar es Salaam hii hii!

Huko Japani mwenye gari anatumiwa barua: lete gari, tunabadilisha bure. Barua hiyo haivuki bahari. Ila namba ya chesisi inavuka, iko kwenye kadi ya gari, herufi na tarakimu zenye kistari katikati. Kampuni kubwa za Japani zina ukurasa wa kuingiza namba hiyo na kuona kama gari liliitwa na kama lilitengenezwa. Umeandikwa Kijapani, lakini simu yako inatafsiri vya kutosha kuelewa ndiyo au hapana. Kama unaendesha gari la zamani lenye eabegi zake, fanya hivyo leo usiku. Eabegi ya mtumba isiyo na historia tuliikataa. Tuliamua tubaki na gari lisilo na mfuko na tulijue hivyo, tuendeshe kwa adabu mpaka tutakapopata uwezo wa lingine.

Maana kilichonifariji ni hiki: ile S ya kwanza kwenye SRS inamaanisha "ya nyongeza." Mwenye nyumba ni mkanda. Ule wa kupita begani na kiunoni, aliobuni mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, mwaka 1959, na kampuni ikaruhusu wengine wote wautumie bila malipo. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unapunguza kwa karibu nusu hatari ya kufa kwa waliokaa mbele. Na kiti cha mtoto kinapunguza vifo vya watoto wachanga kwa mpaka asilimia 71. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotumia umeme.

Kiti tulikinunua Januari 2023. Kipya, kwa sababu cha mtumba huwezi kujua kama kilishapata ajali huko kilikotoka, na plastiki haisemi. Tuliangalia lebo ya rangi ya chungwa ya viwango vya Ulaya, tukakifunga kiti cha nyuma, mtoto akiwa ameangalia nyuma, ili kishindo kikija kimpokee mgongo mzima badala ya shingo. Bei yake ilikuwa karibu sawa na simu niliyokuwa naitamani. Simu ikasubiri.

Bibie alilia wiki mbili mfululizo. Alilia Tegeta, alilia Mwenge, akipumzika kidogo Morocco, anaendelea mjini. Na mama mkwe, Mungu ampe maisha marefu, siku ya kwanza alivyomwona alishika kiuno: "Mtoto mnamfunga kama mbuzi wa sikukuu? Hawa watano wote nimewabeba mikononi, kuna aliyekufa?" Nilitaka kujibu, mume wangu akaniwahi. "Mama, mimi ndiye niliyemgonga. Mwache afungwe." Mama mkwe hakusema tena. Aliingia akakaa nyuma pembeni ya kiti, na tulipofika Mwenge nikaona kwenye kioo na yeye anatafuta ncha ya mkanda wake, anauvuta, haujui unaingia wapi.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 tuliamua kuliuza gari. Hapa ndipo nilipomwogopa mume wangu kidogo, nikajiogopa na mimi. Fundi alikuwa ameshautoa ule utepe, taa ilikuwa inawaka nyekundu muda wote. Dalali akatuambia kwa utulivu kabisa kwamba taa hiyo itatupunguzia bei, na kwamba dawa yake ni utepe wa shilingi mia tano. Hatukusema ndiyo, lakini hatukusema hapana pia. Tulikuwa tunahitaji ile hela. Usiku tukaviringika kitandani, kila mmoja anajua mwenzake hajalala.

Walikuja kijana na mkewe, wa umri wetu tulipolinunua. Yeye alifungua boneti, akanusa oili. Mkewe alijaribu redio. Ana ujauzito unaoonekana. Mume wangu aliwaacha wamalize, halafu akamwita yule dada, si mumewe, akamwonyesha taa. "Hii haizimiki kwa sababu gari hili halina eabegi. Hapa na hapa ni vifuniko tu. Mtoto akija, msimpakate mbele, katika gari hili wala lingine." Dalali alitukata jicho, sijapata kuona. Walipunguza milioni moja na laki mbili, na wakalichukua.

Tulilonalo sasa ni la mwaka 2014, tumelikopea, na dada wa Kijapani hayumo, amebaki na wenzetu. Kabla ya kulipia tulimwita yule fundi wetu afungue, apime, aangalie mpaka zile tarakimu nne pembeni mwa tairi zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Matairi mawili yalikuwa na miaka 9 ingawa hayakuwa vipara, tukayabadilisha. Namba ya chesisi tuliingiza wenyewe.

Kila asubuhi mume wangu anazungusha ufunguo na kusubiri kabla ya kuwasha. Binti yetu, meno yake ya mbele bado ni pengo, analiona lile jekundu kutoka kwenye kiti chake cha nyuma, anahesabu kwa sauti. Akifika sita, wakati mwingine saba maana anapenda kurudia tatu, anatupa ruhusa: "Imezimika. Twende."